Taa Chini ya Mashallah

Nilimpa Bashir mtoto bila kumtazama, nikamwambia Gedi fundi atoke kwenye kiti cha dereva.

"Nitoke niende wapi?" akauliza, sigara mdomoni.

"Popote. Toka."

Hiyo ilikuwa Habaswein, Alhamisi, saa nane mchana. Bati la gari lilikuwa haligusiki kwa joto. Kwa mara ya tatu katika siku mbili Gedi alikuwa amehesabu mikonyezo ya taa ya injini, na kwa mara ya tatu aliihesabu huku akisalimiana na mtu dirishani, habari za ngamia, habari za mvua, habari za mke wa pili. Kisha akageuka na kutangaza, "Ishirini na moja tena. Nilisema." Shuleni tulifundishwa kwamba subira huvuta heri. Yangu ilikuwa imevuta Gedi, na sikuwa nayo nyingine.

Mwende, Halima, na nyie wote wa dawati la nyuma: mmeniandikia mkiuliza ni kweli nimemshtaki shemeji yangu mbele ya wazee, na kama ni kweli eti chanzo ni gari. Ni kweli. Chanzo si gari. Nitawaeleza hatua kwa hatua kama tulivyokwenda, halafu mniambie nilikosea wapi. Tulikuwa tukiongea Kisomali njia nzima, kwa hiyo maneno ya watu nimewatafsiria, isipokuwa pale Gedi alipokutana na askari. Kiswahili kile kilikuwa chake mwenyewe.

Waberi, Garissa: habari ya rangi

Mama yangu anaishi na mifugo upande wa Griftu. Jicho lake la kulia limeziba. La kushoto, kwa maneno yake yaliyoletwa na wasafiri, "linaona rangi, halioni sura." Binti yangu Ikran alikuwa na miezi saba na mama alikuwa hajamwona. Mnajua mimi ni mtoto wake wa pekee aliyebaki.

Basi habari zikaja kwa redio ya upepo, hii ambayo watu wanapigiana kelele mji kwa mji kutoka nyuma ya maduka. Mvua imeshika upande wa Buna. Boma lote litapakia ngamia Ijumaa alfajiri na kuhama. Wakishahama hao, kuwatafuta ni kazi ya miezi, na kwa jinsi jicho lile lilivyokuwa likienda, miezi hiyo mama hakuwa nayo. Ilikuwa nifike kabla ya Ijumaa au mama asimwone mjukuu wake kamwe. Hilo tu. Lishikeni, kwa sababu wenzangu njiani walilisahau kila waliponusa chai.

Mume wangu anafundisha Mandera. Akasema kwenye redio hiyohiyo, "Nenda na Bashir." Bashir ni mdogo wake, muuza nguo, mcheshi, mkarimu, mtu wa kunyoosha kola yake mbele ya kioo cha duka la mwenzake. Mimi nilitaka kupanda lori. Lakini Bashir alikuwa amenunua gari lililokimbia vita Kismayu, gari la michezo la milango miwili, usukani kushoto, tumbo karibu liguse mchanga, na taa za mbele zinazolala ndani ya boneti halafu zinainuka ukiziwasha kama macho ya chura. Lilikuwa zee. Viti vimepasuka, saa yake imekufa. Lakini lilikuwa jekundu, na Griftu kulikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyelitaka kwa harusi ya mwanawe.

"Shemeji," Bashir akaniambia, "mama yako anaona nini?"

"Rangi."

"Na lori la unga lina rangi gani?"

"Ya vumbi."

"Umejijibu mwenyewe. Hili ataliona likiwa mbali. Atajua mtoto amekuja kabla hajasikia hata mlango."

Na mimi nikakubali. Naandika hili wazi, msije mkadhani nilivutwa kwa kamba. Niliipenda picha hiyo. Nilikwenda naye mpaka kwenye redio, nikasimama pale akipiga kelele: "Mwambieni bibi akae barabarani Jumatano! Asubiri gari jekundu! Jekundu!"

Kitu kimoja zaidi. Katikati ya dashibodi, kati ya mshale wa mwendo na wa petroli, palikuwa na stika ya herufi za dhahabu: Mashallah. Nilifurahi kuiona. Nikajisemea, angalau gari la watu wenye dini.

Garissa kwenda Modogashe: ndege inatua

Jumanne asubuhi tuliondoka na msafara. Mnaijua njia yetu ya kaskazini: kwa sababu ya majambazi magari huenda pamoja, askari mbele, askari nyuma, na msafara haumngojei mgonjwa. Nilikaa nyuma, kwenye kiti ambacho aliyekitengeneza alifikiria mkoba, si mwanamke mwenye mtoto na chupa ya chai na anjera za siku mbili.

Mwanzo lilikwenda. Bashir aliyapita malori mawili akiimba. "Hii si gari, shemeji, hii ni ndege!"

Jua lilipopanda, ndege ikatua. Halikukohoa, halikutetemeka. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli, likaviringika mpaka likasimama. Bashir akafungua boneti akaitazama injini kama anayetazama nguo za mwenzake sokoni.

"Petroli chafu," akasema.

Likapoa, likawaka. Likaenda, likapata moto, likanyamaza. Mara nne. Mara ya tatu nilimwambia, "Bashir, linakufa likipata moto. Likipoa linafufuka. Hiyo si petroli, petroli haina saa."

"Shemeji, mnyonyeshe mtoto."

Mwisho tulivutwa kwa kamba na mzee Salat, dereva wa lori la unga, ambaye gari lake lilikuwa la mwisho kabla ya askari. Tuliingia Modogashe tumefungwa nyuma ya mzigo wake kama mbuzi wa kuuzwa, unga ukitumwagikia kwenye kioo. Watoto wa Modogashe walilipenda sana lile gari. Walilisukuma hadi kwenye hoteli ya chai bila kuombwa.

Jumatano asubuhi na mapema mzee Salat akanijia nikipasha uji wa Ikran.

"Binti yangu, mke wangu yuko kule mbele peke yake. Kuna nafasi yako na ya mtoto. Mimi naenda mpaka Griftu. Kesho adhuhuri tuko huko, inshallah."

Nilikuwa nimeshainua mkoba. Bashir akatoka hotelini mbio, chai mkononi, akasimama kati yangu na mlango wa lori.

"Mke wa kaka yangu ashuke kwenye gari letu apande juu ya unga? Watu watasema nini Wajir?"

"Watasema amefika," nikamjibu.

"Watasema Bashir amemtupa njiani. Abaayo, dada yangu, nakuomba, nipe asubuhi hii moja. Kuna fundi hapa alifanya kazi Kismayu, gari hizi anazijua kama watoto wake."

Nikamgeukia Salat. Salat hakunitazama mimi. Alimtazama Bashir. "Yeye ni amana yako?"

"Ni amana yangu."

"Basi siwezi kumchukua bila wewe kuniruhusu. Amana ya mtu haiguswi." Akasema hivyo kwa huruma kabisa, akanipa tende za mtoto, akapanda. Mlango ukafungwa. Nafasi yangu ikaenda Griftu bila mimi.

Modogashe: ma'alim anatafutwa

Fundi ndiye Gedi. Mrefu, meno ya mtafuna miraa, mikono safi kupita kiasi kwa fundi. Nitasema kweli: alichokijua, alikijua.

"Gari hili linaongea," alituambia. Akamwonyesha Bashir kisanduku cha plastiki chini ya boneti, chenye vitundu ndani. "Unaunganisha vitundu viwili kwa kipande cha waya. Unafungua swichi, injini huiwashi. Kwenye dashibodi kuna taa ya manjano yenye picha ya injini. Itakonyeza. Unahesabu. Kila ugonjwa una namba yake." Akatoa daftari la mtoto wa shule, namba zimepangwa kwa mkono wake, nusu Kisomali, nusu Kitaliano cha bosi wake wa zamani.

Akaunganisha waya. Akafungua swichi. Tukatazama dashibodi.

Hakuna taa.

Akatazama fyuzi. Akafungua paneli ya chini. Akalala chali miguu nje, akamlaani mtu wa Kismayu aliyeng'oa balbu. Saa tatu ikawa saa nne. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma namkinga Ikran jua kwa shali, na kile kivuli kikaangukia dashibodi. Hapo nikauona, mstari mwembamba wa manjano, ukija na kuzima, ukingoni mwa stika.

"Iko chini ya Mashallah," nikasema.

Gedi akatoa kichwa. Akaangalia. Akarudisha mkono nyuma kama aliyegusa jiko. "Mimi sibandui jina la Mwenyezi Mungu kwa ajili ya injini."

"Wala mimi," akasema Bashir.

"Nitalibandua mimi."

"Shemeji! Tuko safarini! Unataka tupinduke?"

Mnacheka. Mimi sikucheka. Wanaume wawili wazima wakaacha gari, wakaenda kumtafuta ma'alim wa chuo awape ruhusa. Ma'alim alikuwa ameenda kwenye kisima kuamua ugomvi wa zamu. Wakamfuata kisimani. Huko wakapewa maziwa. Aliyepewa maziwa haondoki mara moja, hiyo ni heshima. Wakarudi adhuhuri imepita, ma'alim katikati yao, mzee mfupi mwenye haraka zake.

Akachungulia dirishani. "Nani aliliweka hapa?"

"Aliyeniuzia," akasema Bashir.

"Taa ilikuwa ikiwaka?"

Bashir akakuna shingo. "Aliniambia kuna taa ndogo inasumbua macho. Kwamba ameifunika."

Nilisikia vizuri. Ma'alim pia alisikia. "Kwa hiyo ulijua," akamwambia Bashir. "Amefunika aibu yake kwa jina la Mungu, na wewe ukaogopa kulibandua kuliko alivyoogopa yeye kulibandika." Akanigeukia. "Mama, ubandue kwa mkono wa kulia. Uweke mahali pasafi." Akaenda zake, kazi ya dakika mbili. Niliibandua kwa ukucha, nikaibandika kwenye kifuniko cha mkebe wa chakula cha Ikran.

Taa ikatoka. Ndogo, ya manjano, ikikonyeza kama inayotusubiri tangu Kismayu.

Gedi akaanza kuhesabu. "Mbili..." Hapo askari wa kizuizi akafika, kijana wa bara, bunduki begani. Alikuwa ametuangalia kwa muda: mtu ameinama na waya, taa inakonyeza, mwingine anaandika namba.

"Mnampigia nani ishara?"

"Hakuna ishara, afande," akasema Gedi. "Gari naongea. Sisi nasikiza tu."

"Gari inaongea na nani?"

"Na mimi. Nasema yeye iko mgonjwa. Bole bole tu, afande, bado nahesabu."

"Na hii waya?"

"Hii ndio mdomo yake."

Yule kijana akauchukua ule waya kama kielelezo, na daftari, na Gedi mwenyewe. Nilikwenda kituoni na mtoto mgongoni nikaeleza kwa Kiswahili cha darasani, kifupi na kikavu, mpaka mkubwa wao akacheka akatuachia. Tulipotoka, vumbi la msafara wa pili wa Jumatano lilikuwa limeshatulia barabarani.

"Lakini nilipata namba," Gedi akasema kwa furaha. "Mbili, halafu moja. Ishirini na moja. Kidude kinachonusa moshi kwenye ekzosi kimekufa. Nitakikata, mtafika Wajir mkilala."

Jumatano. Siku ambayo mama aliambiwa akae barabarani.

Modogashe kwenda Habaswein: kidude cha moshi

Alhamisi tuliondoka na msafara, Gedi naye ndani, maana alikuwa na shughuli Wajir na Bashir alimwona kama dawa ya kubeba. Sasa nilikaa nyuma na mtoto, mkoba, na begi la zana la fundi. Kidude cha moshi kilikuwa kimekatwa. Gari likaenda vizuri mpaka jua lilipopanda.

Likanyamaza.

Gedi alishuka, akachomeka waya mpya, akaitazama taa huku akiwarushia maneno watu wa lori lililotupita. "Ishirini na moja." Akakikata zaidi kile kidude, kama unaweza kumuua maiti mara ya pili. Likapoa, likawaka, likafika Habaswein kwa kujikokota, likafia mbele ya kibanda cha mama mmoja anayeuza wali na nyama ya ngamia. Bashir akaagiza sahani tatu kabla hata sijashuka.

"Hatuli," nikasema.

"Shemeji, njaa haitengenezi gari."

"Na shibe je?"

Mwenye kibanda akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akawapa wao sahani mbili tu. Yangu akaifunika akaiweka kando. Mungu ampe heri.

Ndipo Gedi akahesabu mara ya tatu, akisalimiana dirishani. Akasema sasa lazima Bashir arudi Garissa akatafute kidude kingine cha moshi, nasi tusubiri Habaswein siku tatu nne. Tatu nne! Ijumaa alfajiri ilikuwa kesho.

Hapo ndipo tulipoanzia. Nilikaa kwenye kiti cha dereva. Nilifunga mlango. Nilipandisha vioo ili nisisikie habari za ngamia za mtu yeyote. Nikaitazama ile taa bila kupepesa, nikaiacha izunguke mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuhesabu kitu. Nilikuwa nataka nijue kwanza inapumua wapi.

Mkonyezo mmoja. Kimya kifupi. Mikonyezo miwili. Kimya kirefu. Mmoja. Kimya kifupi. Miwili. Kimya kirefu.

Nikateremsha kioo. "Gedi. Wewe huanzia wapi kuhesabu?"

"Ninapoangalia."

"Na unaangalia wakati gani?"

"Nikishamaliza kusalimia."

"Gedi, mtu akijitaja 'Ali Hassan, Ali Hassan, Ali Hassan' bila kuchoka, na wewe ukafika katikati, utamwita nani?"

Akafikiri. "Hassan Ali."

"Utamfanya baba awe mwana. Hii taa inapumzika kidogo katikati ya jina, inapumzika sana mwisho wa jina. Kimya kirefu ndio mlango. Hesabu kutoka hapo."

Akaingiza kichwa dirishani. Safari hii hakumsalimia mtu. Midomo yake ikasogea. Moja. Mbili. Akatulia sana. Kisha akafungua daftari taratibu, kidole kikishuka kwenye ukurasa.

"Kumi na mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Habari ya mzunguko wa injini haifiki. Distribyuta." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Modogashe. "Na huwa linakufa likipata moto tu?"

"Nilimwambia Bashir siku ya Jumanne."

"Hakuniambia."

Bashir alikuwa akimbembeleza Ikran kwa bidii kubwa.

Chini ya distribyuta kulikuwa na waya mwembamba uliokuwa umelalia bomba la moto. Ngozi yake ilikuwa imeyeyuka. Baridi, ulifanya kazi. Ukipata moto, ulilainika ukagusa chuma, na gari likapoteza kauli. Gedi akauinua, akauzungushia tepu nyeusi, akaufunga mbali na lile bomba. Chai iliyokuwa jikoni wakati anaanza haikuwa imechemka alipomaliza.

Gari likawaka. Taa ikazima. Siku tatu zangu zilikuwa ndani ya waya usiozidi unene wa sindano ya mkeka.

Habaswein kwenda Wajir: ndege kweli

Mnataka niseme nilifurahi? Lilikwenda, wallahi, kama alivyosema. Bashir hakuimba. Gedi alianza kusema kitu kuhusu fundi aliyemfundisha Kismayu, akakiacha. Tulifika Wajir kizuizi cha Griftu kikiwa kimeshafungwa, na baada ya saa kumi na mbili hakuna gari linaloruhusiwa kupita. Niliwaomba askari. Nilimwinua Ikran wamwone. Walisikitika vizuri sana, wakaniambia nirudi asubuhi.

Griftu: wekundu

Tuliingia Griftu Ijumaa saa tatu. Yule mfanyabiashara wa ng'ombe alitoka dukani kwake akaanza kulizunguka gari hata kabla halijasimama. Mimi niliruka na mtoto.

Rafiki wa mama, muuza maziwa Sahra ninayemwita habaryar, mama mdogo, alikuwa amekaa pembeni mwa barabara juu ya dumu la maji. Alinyanyuka pole pole. Hakunikumbatia kwanza. Alikwenda kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Kwa hiyo lilikuwepo," akasema.

"Mama yuko wapi?"

"Wamepakia alfajiri." Akanishika mkono. "Alikaa hapa Jumatano. Akakaa jana, jua lote, hakutaka hata kuingia kivulini, alisema kivuli kinaharibu rangi. Kila kilichopita aliniuliza, 'Sahra, ni jekundu?' Namwambia siyo, ni punda. Siyo, ni lori. Lori la Salat lilisimama hapa, hapa hasa ulipo, jana adhuhuri, likashusha unga. Kiti cha mbele mke wake alikuwa ameweka viatu vyake. Mama yako hakuwauliza kitu. Aliambiwa asubiri jekundu."

Akaingia bandani akatoka na chombo cha maziwa, cha kusukwa kwa mizizi, kidogo, cha mtoto. "Amemsukia Ikran mwenyewe. Kwa vidole."

Mama yangu alikuwa msukaji wa kusifiwa mpaka Wajir. Mistari ya chombo kile ilipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na pale nyeupe ilipotakiwa kukutana na nyeusi hazikukutana.

Nilipanda tena garini, Bashir akaliingiza kwenye njia ya ngamia bila kuambiwa. Lilikwenda hatua chache likazama mchangani mpaka tumboni, injini ikinguruma vizuri kabisa, afya tele. Nikashuka nikaenda kwa miguu. Nilifuata nyayo mpaka zilipochanganyika na nyayo za maboma mengine na kugawanyika njia tatu. Huko nilisimama. Niligeuka nikamkuta Bashir nyuma yangu, amebeba viatu vyangu ambavyo sikujua nimeviacha.

"Shemeji," akasema.

Nikavichukua viatu. Gari likachimbuliwa, tukarudi Garissa.

Waberi: shauri

Mtu wa kwetu akikosewa, jambo huenda kwa wazee, wanakaa maslaha, baraza la suluhu, wanasikiliza, wanaamua fidia. Mwanamke husemewa na mwanamume wa nyumba ya mumewe. Mume wangu akiwa Mandera, wa kunisemea mimi kwa desturi alikuwa ni nani? Bashir.

Wazee walikaa kwenye mkeka barazani pa duka la nguo. Wakauliza, "Nani anamsemea huyu?" Bashir akainua mkono, kwa mazoea nadhani, akaushusha. Mmoja akacheka. Mwingine akasema haya ni mambo ya njiani, njia ina mitihani, tuyamalize kwa fatiha na chai. Nikatoa karatasi yangu ya fulskepu, pande mbili, nikampa mkubwa wao, na nyingine nilikuwa nimeshaipeleka kwa chifu ipigwe muhuri. Alisita, akaangalia muhuri, akampa kijana wa duka aisome kwa sauti. Hii hapa kama ilivyosomwa.

*Kwa wazee wa maslaha, Waberi. Nakala kwa chifu.*

*KUH: MALALAMIKO DHIDI YA SHEMEJI YANGU BASHIR*

*Najisemea mwenyewe kwa sababu anayepaswa kunisemea ndiye ninayemlalamikia.*

*Simshtaki kwa gari kuharibika. Chuma huharibika. Simshtaki fundi kwa kuhesabu vibaya. Amekiri, na akifundishwa anasikia.*

*Namshtaki Bashir kwa mambo matatu. Alijua kuna taa iliyofunikwa na hakutuambia mpaka ma'alim alipomuuliza. Nilimwambia mapema gari linakufa likipata moto, akaniambia nimnyonyeshe mtoto, na fundi hakuambiwa neno hilo mpaka Habaswein. Na kubwa kuliko yote, nilipopewa nafasi kwenye lori aliuzuia mlango kwa kutumia neno amana. Lori hilo lilisimama mbele ya mama yangu Alhamisi adhuhuri na kiti changu kikiwa na viatu. Amana ni kitu unachokifikisha. Yeye alikitumia kujilinda na maneno ya watu.*

*Nasikia mtanipa ngamia. Siwataki. Anayepaswa kufidiwa hawezi kuwahesabu.*

*Ninadai hivi: Bashir aende mwenyewe, kwa lori na kwa miguu, upande wa Buna, alitafute boma la mama yangu mpaka alipate, na amlete mama Garissa kwa daktari wa macho. Asitume mtu.*

*Ninadai pia gari lile lisiuzwe Griftu wala popote, na lisipakwe rangi nyingine. Siku mama atakapoletwa, liegeshwe mbele ya nyumba yangu, na mtoto awe ndani. Mama yangu aliahidiwa jekundu, na mara ya mwisho tuliposikia habari zake, jekundu bado alikuwa analiona.*

*Hodan, mama Ikran.*